Mchicha wenye malengelenge meupe: tule au tutupe?

Masika yakikolea Malindi, maswali ya mchicha huwa hayaishi. Wakulima wa kando ya mto Sabaki hugeuza jani kuonyesha vipele vyeupe upande wa chini; wanunuzi nao huuliza kama watoto watadhurika.

Hivi vipele ni nini?

Ni ugonjwa uitwao kutu nyeupe. Huenea majani yanapolala na maji usiku kucha. Vipele hupasuka vikatoa unga. Haumshiki binadamu, ila nahimiza uchambue majani kwanza.

Kama haumshiki mtu, mbona unatuhimiza tuchambue?

Kwa sababu jani lina wakazi wake. Kwenye eneo la sentimita 1 tu ya mraba huweza kukaa bakteria milioni 1 hadi 10, mbali na hamira na kuvu. Wengi hawatudhuru, na wapo wanaousaidia mmea kwa kuwanyima maadui nafasi na chakula. Maisha ya pale juu ni magumu: jua kali, nta kavu, sukari kidogo mno. Bakteria wa kinyesi akirushiwa hapo na tone la mvua, mara nyingi hunyauka na kufa.

Ugonjwa ukiingia, mambo hubadilika. Ngozi ya jani hupasuka, maji na sukari huvuja, na kinga ya mmea hulegea. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani, walieleza walichokiona kwenye mmea mdogo wa jamii ya kabichi: ulipopatwa na kutu nyeupe iliyo jamaa ya hii ya mchicha, aina za bakteria kwenye majani zilipungua. Yaani mgonjwa ni mmea, lakini mtaa mzima wa vijidudu hutikisika.

Uozo laini, ule wa uteute na harufu, ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulipima mboga na matunda ya sokoni: yaliyooza hivyo yalishukiwa kuwa na bakteria aitwaye Salmonella takriban mara mbili ya yale mazima. Salmonella huleta homa na kuhara, na mtoto mdogo au mjamzito huweza kuzidiwa upesi.

Basi nikishanunua nifanyeje?

Chambua kabla ya kuosha. Ukitumbukiza fungu zima kwenye beseni, jani moja lililooza huwapaka wenzake. Lenye vipele vichache na bado gumu, kata sehemu mbovu, osha kwa maji safi yanayotiririka, upike hadi liive sawasawa. Moto huua Salmonella. Lenye uteute litupwe. Vinavyoliwa vibichi ndivyo vya kuangaliwa sana: nyanya yenye madoa au ufa iende kwenye mchuzi, isiingie kwenye kachumbari.

Mwanangu, mie muuza mboga. Nikiyanyunyizia maji yasinyauke, nakosea?

Hukosei, mama, maji yakiwa safi. Tatizo ni ndoo ile ile ya asubuhi, iliyotiwa mikono mpaka alasiri, na mafungu mabichi kufunikwa kwa nailoni penye joto. Kivuli na kitambaa safi chenye unyevu kidogo vinatosha.

Samadi ya mbuzi je?

Iache ioze vizuri kwanza. Samadi mbichi hurushwa na mvua hadi kwenye majani, na jani lenye vidonda ndilo linalowapa bakteria wake pa kukaa.

Mahindi yenye ukungu nayo nikipika yanakuwa salama?

Hapana! Hapo kanuni ni nyingine kabisa. Kuvu wa mahindi na njugu huweza kutoa sumu ya aflatoksini, isiyoondoka kwa kuchemsha. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mahindi hayo usiyasage, wala usiwape kuku.

Majani niliyoyachambua niyatupe wapi?

Usiyaache kitaluni, maana mbegu za kutu nyeupe hubaki udongoni zikingoja mvua nyingine. Yafukie mbali na shamba, na msimu ujao panda kunde kwenye tuta hilo, mchicha uhamie kwingine. Ukimwagilia, mwagilia asubuhi na uelekeze maji chini shinani, ili majani yakaukie juani mapema.