Kopo la bia mkononi si kosa, jamani

Limerudi tena kwenye grupu letu la WhatsApp: "Kaka, wewe si upo halmashauri? Mbona wale walevi wa katikati ya mji hamuwakamati, na bango lipo?"

Kwanza, mimi sikamati mtu. Hiyo ni kazi ya polisi. Pili, bango lenyewe ndilo linalowapoteza watu. Limechorwa chupa yenye mstari mwekundu, chini yake kuna maandishi ambayo hata mimi nayasoma kwa kuinama, na kila anayepita anaondoka akiamini kwamba kunywa pombe hapo ni kosa la jinai.

Bango hilo linatangaza PSPO (Public Spaces Protection Order), amri ya kuzuia kero maeneo ya umma, ambayo halmashauri za Uingereza na Wales hutoa kwa sheria ya 2014, ile iliyoizika ASBO, amri ya zamani dhidi ya wenye tabia za kero. Lazima kero iwe ya kujirudiarudia, iwe inawaharibia watu wa eneo hilo maisha, na iwe imevuka mipaka. Amri hudumu miaka 3 isiyozidi, halafu ihuishwe au ife. Asiyeridhika ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu. Haya yote yameandikwa kila mahali, sitayarefusha.

Pombe ndiyo ina mambo yake, na hapa naomba msome polepole. Amri ikikataza kupiga kelele na wewe ukapiga, umeshavunja sheria. Ikikataza kunywa na wewe ukanywa, bado hujatenda kosa lolote. Kosa huzaliwa pale polisi, au afisa aliyeidhinishwa kama mimi, anapokuambia uache au umkabidhi kopo, nawe ukakataa bila sababu ya msingi. Tena ni lazima nikuambie kwamba kukataa ni kosa. Ukiniomba kibali changu nisikuonyeshe, agizo langu halina nguvu hata kidogo. Unaweza kuendelea kunywa huku unanitazama.

Kwa hiyo kazi yenyewe iko hivi. Nafika kwenye benchi, nasalimia, naonyesha kitambulisho, natoa maelezo. Wengi hupiga funda moja refu, macho wamenikazia, halafu wananikabidhi kopo tupu. Sheria imetimizwa. Yule aliyekuwa dirishani akisubiri kuona pingu anapiga simu ofisini kulalamika kwamba sikufanya kitu.

Halafu kuna meza za baa. Hatua chache kutoka benchi hilohilo, watu wamekaa nje ya baa kwa leseni halali, wanapiga kelele kuliko yule mzee wa benchi mara kumi, na katazo la pombe haliwagusi. Sheria imewatoa kwa makusudi. Mzee akiniuliza tofauti yake na wao ni nini, jibu la kisheria ninalo. Jibu la kumtazama nalo usoni sina.

Wanaolala nje nawapitia haraka: mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Ndani wa Desemba 2017 unasema amri isimlenge mtu kwa kuwa tu hana pa kulala. Wenzangu wanaoniambia "kwetu wangeshazolewa" wakumbuke kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, ilisema sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Sheria hizo nyingi tulirithi kwa Mwingereza huyuhuyu.

Je, amri hizi zinamaliza kero? Nikisema ndiyo nitakuwa mwongo. Mara nyingi zinaihamisha: wanywaji wanatoka uwanjani, wanahamia nyuma ya kanisa, na simu zinaanza kutoka mtaa huo. Halafu faini. Sheria ilipopitishwa, kikomo cha faini ya papo hapo kilikuwa pauni 100. Mwandikie mtu asiye na hata nauli, uone italipwa na nani. Ofisini wapo wanaoihesabu karatasi hiyo kuwa mafanikio. Mimi sioni hivyo, na wanajua.

Linalosaidia ni taarifa zenye nyama. Andika siku, saa, mahali, na kilichotendeka: walimtukana nani, walikojoa wapi, muziki ulizimwa saa ngapi. Muda wa amri ukikaribia kuisha, hizo ndizo tunazopeleka kuomba ihuishwe. "Wapo tu, wamekaa" siwezi kuipeleka popote.