Mchanga wa kalisi si chakula cha geko chui

Wafugaji wengi wapya wa geko chui huamini kwamba, kwa kuwa mjusi huyu hutoka katika nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, matandazo ya sakafu ya kizimba yanayomfaa ni mchanga mlaini, na kwamba ule wa kalisi (kalsiamu, madini yanayojenga mifupa) hauna madhara hata akiumeza kwa sababu utayeyuka tumboni. Dhana hiyo ina makosa mawili.

Kwanza, makazi yake ya asili si matuta ya mchanga, bali ni ardhi ngumu ya udongo ulioshikamana, yenye mawe na nyufa za kujificha. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mchanga wa kalisi kwa kawaida ni kalisi kaboneti, ambayo hupunguza makali ya asidi ya tumbo, ile ile inayotarajiwa kuuyeyusha. Ukimezwa kwa wingi, huweza kugandamana na kuziba utumbo. Geko mwenye upungufu wa kalisi huweza hata kuulamba kwa makusudi, kwa hiyo kalisi inayotajwa katika jina la bidhaa hiyo ndiyo inayoongeza hatari.

Kwa geko mwenye umri mdogo, mgonjwa au aliyenunuliwa karibuni, karatasi za jikoni zinatosha, tena huonyesha kinyesi waziwazi. Vigae vyenye uso wa kukwaruza huwafaa wakubwa na hupitisha joto vizuri. Maranda ya mwerezi yaepukwe kabisa, kwani mafuta yake hudhuru mfumo wa upumuaji.