Maji Kusoma Sifuri Hakupimi Iodini

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. "Mwalimu, mtambo hauna shida, maji yamesoma sifuri asubuhi." Ni jaribio la kila asubuhi: fantomu, yaani chombo cha maji, hupigwa picha, na maji yanapaswa kusoma sifuri. Maneno haya nimeyasikia katika vyumba vingi vya CT (mtambo wa eksirei unaopiga mwili vipande vipande) hapa Nairobi, na yananichosha kwa sababu kila mara kuna mgonjwa anayesubiri jibu.

Safari hii mgonjwa alikuwa na kivimbe cha sentimita 1.2 kwenye figo. Kabla ya dawa, ile ya iodini inayodungwa mshipani ili viungo vionekane, kilisoma namba ya CT 11, baada ya dawa 29. Ongezeko la 18. Likiwa chini ya 10, tunasema kivimbe hakichukui dawa. Likizidi 20, tunaanza kuwaza saratani. Katikati hapo mtu hapati usingizi.

Nenda kwa muuza nyama. Mizani ikiwa tupu, mshale unasimama kwenye sifuri. Je, ndiyo kusema kilo yake ni kilo? Mkaguzi wa vipimo huja na mawe yake mwenyewe, akayaweka juu ya mizani, kisha ndipo anazungumza. Fantomu ya maji ni mizani tupu.

Namba za CT zimefungwa mahali pawili: hewa -1000, maji 0. Ukishusha kilovolti, yaani nguvu ya umeme inayotoa miale, kutoka 120 hadi 80, na mtambo umekalibriwa vizuri, hizo mbili zinabaki palepale. Iodini haibaki. Inanyonya miale kwa nguvu kuanzia nishati ya keV 33.2 na kupanda kidogo, na kadiri unavyoshusha kilovolti ndivyo miale inavyokaribia hapo. Miligramu 10 za iodini kwa mililita husoma karibu 250 kwenye 120, na kwenye 80 zinaweza kupita 400. Kichupa ni kilekile na dawa ni ileile. Jaribio la asubuhi haliwezi kuliona hilo hata ulirudie mara mia.

Nilipofungua picha za yule mgonjwa nikakuta seti ya kwanza imepigwa kwa 120 na ya pili kwa 100. Mtambo ulijichagulia wenyewe, na hakuna aliyetazama. Kivimbe kikiwa maji matupu, badiliko hilo lenyewe halikigusi. Lakini figo inayokizunguka iliwaka zaidi, na mtambo ukisahihisha miale iliyokuwa ngumu njiani (ile laini ikiwa imemezwa na mwili), huacha mabaki ndani ya kitu kidogo namna hii. Ongeza vipande vya milimita 5 vinavyochanganya ukingo wa figo na kivimbe, nawe una ongezeko ambalo si la dawa iliyoingia kwenye kivimbe kwa damu.

 

Mawe yangu ya mizani ni haya: mililita 1 ya dawa yenye miligramu 350 za iodini kwa mililita, naongeza maji yaliyotoneshwa mpaka mililita 35, napata miligramu 10 kwa mililita. Nazimua tena kupata 5 na 2. Vichupa naviweka ndani ya tangi la maji la sentimita 20, halafu la 32, kwa kila kilovolti inayotumika pale. Kwenye tangi pana namba hushuka, kwa kuwa miale laini imeisha njiani. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mgonjwa mnene na mwembamba wasisome sawa hata kwa kipimo kimoja cha dawa. Kipovu kimoja cha hewa kwenye kichupa kinaharibu kazi, kwa hiyo navigonga kwa kidole na kuvitazama dhidi ya taa.

Na hata mstari wa grafu ya namba za vichupa dhidi ya iodini ukinyooka, siwezi kuchukua ile 18 nikasema hii ni ya kivimbe na hii imetoka kwenye figo. Fantomu hainipi hilo kwa mgonjwa huyu mmoja, na zile 10 na 20 tulizizoea kwa picha za 120.

Nikaomba ultrasaundi. Ukuta mwembamba, ndani maji matupu. Jioni hiyo tukafunga kilovolti kwenye 120 kwa seti zote mbili za figo.