Usigawanye GPA yako kwa tano

"Shikamoo dada. Nina GPA ya 3.8 ya UDSM. Nimegawanya kwa tano, nikazidisha kwa nne, nimepata 3.04. Kanada si watanikataa?"

Marahaba. Kwanza weka kikokotoo chini, kisha niambie: unaomba chuo au unaomba ukaazi?

Kama ni ukaazi kwa njia ya Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, hiyo GPA haina kazi. Uhamiaji wanataka kujua kiwango tu: je, shahada yako ni sawa na shahada ya kwanza ya Kanada? Alama zako hakuna anayezihesabu. Ripoti ya kulinganisha elimu (ECA) inayojibu swali hilo hudumu miaka 5 tangu itolewe, kwa hiyo usiikimbilie kabla mengine hayajakaa sawa. (Na muuguzi asidhani ripoti hiyo ndiyo leseni, bodi ya taaluma ina utaratibu wake.)

Kama ni chuo, hapo ndipo mimi na wenzangu tunaosoma transkripti tunashuka somo kwa somo. Chukua B ya UDSM: ni alama 50 hadi 59, pointi 3 kati ya 5. Kwa hesabu yako inakuwa 2.4, umejishusha mwenyewe hadi kwenye C. Lakini UDSM A inaanzia 70, na aliyesoma pale anajua hiyo 70 inavyotafutwa kwa tochi. Vyuo vingi vya Kanada A yao huanzia 80. Ndiyo maana tunaanza na herufi na uzito wake kwenye mfumo uliozitoa, namba baadaye. Wewe wa 3.8 una daraja la pili la juu, tena umelipita vizuri geti lake la 3.5. Usijiombee msamaha.

Miaka mitatu ya shahada nayo isikutishe sana. Mkenya wa 8-4-4 alisoma minne kwa sababu hakupitia kidato cha tano na sita, wewe ulipitia. Ambatisha cheti cha kidato cha sita hata kama hujaulizwa.

Halafu bahasha ya transkripti. Chuo kitume chenyewe, au ikipitia mikononi mwako ifike na lakiri yake. Mwaka jana nilipokea moja yenye muhuri mzuri kabisa wa chuo, na juu ya muhuri, selotepu. Mwombaji alitaka tu kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa. Lilikuwa sawa. Tukamwandikia aanze upya.