Katoni ya risiti ndiyo iliyoniingiza kwenye kodi

Mimi nilisomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Nilipokuwa nikisubiri kuajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, nilipata kibarua cha wiki sita katika afisi ya wahasibu hapa Nairobi: kupanga risiti.

Risiti zenyewe zilikuwa za mzee mwenye duka la vipuri Barabara ya Kirinyaga. Alizitupia kwenye katoni ya sabuni, na katoni ikijaa anatuletea. Nikizipanga kwa tarehe nikakuta kadhaa zimepitisha miezi sita. Mhasibu niliyekuwa chini yake akanieleza maana yake. Ukinunua mali unalipa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ukiuza unatoza VAT. Ile uliyolipa unaitoa kwenye ile uliyotoza, na tofauti ndiyo unayoipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini sheria inakupa miezi sita tu kudai uliyolipa. Ankara moja ilikuwa ya shilingi 116,000: mali 100,000, kodi 16,000. Hizo 16,000 zilikuwa haki ya mzee, na zilipotea kwa sababu katoni ilichelewa kujaa.

Nilitumwa kwenda kumweleza. Nikamchorea safu mbili nyuma ya kalenda ya dukani, uliyotoza huku na uliyolipa kule. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo, binti yangu, katoni iwe mpya kila mwezi?" Nilitoka pale nikijua kazi yangu nimeipata. Ilikuwa ni kufundisha kulekule, ila huyu mwanafunzi akikosa kuelewa anapoteza pesa ya karo ya watoto wake. (Siku hizi mengi hupita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato. Bado katoni naziona.)

CPA, cheti cha uhasibu, niliifanya jioni baada ya kazi, karatasi moja moja. Wanaoniuliza kama lazima uwe umesomea biashara chuoni, jibu ni hapana. Mitihani ya KASNEB, bodi inayotahini wahasibu, ndiyo itakayokupima.

Umeneja ulinishinda mwanzoni, na hapa ndipo ningependa wenzangu wanaopanda cheo wasikilize. Nilidhani meneja ni yule anayejua zaidi ya wote. Kila ritani, yaani fomu ya kodi ya mteja, iliyoandaliwa na vijana wangu niliirudia mwenyewe usiku. Pingamizi zote za wateja kwa KRA niliziandika mimi. Vijana wakazoea kuniachia, kwa kuwa walijua nitarekebisha.

Kisha nikaugua, nikalazwa. Mteja mmoja alikuwa ameletewa tathmini ya kodi asiyokubaliana nayo. Una siku 30 za kupinga tangu siku uliyoarifiwa, na barua ya kusema tu "sikubali" haitoshi: utaje sababu hasa, useme ni marekebisho gani unayotaka, uambatanishe hati, na ile sehemu ya kodi usiyoibishia uilipe au ukubaliane na KRA utailipa vipi. Niliporudi afisini ilikuwa siku ya 28. Hakuna aliyegusa faili, wala hakuna aliyejua siku zinahesabiwa. Tuliiwasilisha siku ya 30, jioni. Sikumlaumu kijana yeyote. Tarehe zote nilikuwa nazo mimi peke yangu.

Tangu siku hiyo kila faili ina watu wawili, na tarehe zake zimeandikwa ukutani, kila mtu anaziona. Nikikagua kazi siishiki kalamu. Nauliza: tarakimu hii imetoka wapi? Kwa nini umeitoa gharama hii? Kijana akitafuta jibu mwenyewe, hatalisahau. Ni njia ya polepole, na karibu na tarehe 20 inaniuma kuivumilia, lakini sijaona nyingine inayomkuza mtu.

Wiki jana mdogo kabisa kwetu, ana miezi minane kazini, alimweleza mteja wa Gikomba tofauti ya kodi ya mauzo ya asilimia 3 (turnover tax, ya biashara ndogo) na VAT. Mteja alinigeukia mara mbili akitaka nijibu mimi. Nikamwongezea chai. Mara ya tatu akamgeukia yule binti, akatoa daftari lake na kuanza kuandika.