Gari Likilala Miezi Mitatu Kwenye Baridi

Wenzetu wengi wa Minneapolis, Toronto na Oslo hufunga safari ya nyumbani Desemba na kurudi Machi. Gari linabaki nje au gereji, na wengi hulipaki kama vile wanakwenda dukani. Sasa, baridi peke yake hailiui gari. Kinachoua ni maji yaliyoganda mahali pabaya, unyevu, na betri iliyoachwa na chaji ndogo. Ukivishughulikia hivyo vitatu, mengine ni madogo.

Tuanze na rejeta. Kwetu gari linaweza kutembea miaka kwa maji ya bomba, na likinunuliwa kwa mtu huku ughaibuni huwezi kujua aliongezea nini. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na hakuna bloku ya injini inayovumilia hilo. Kulanti ya ethilini glikoli (kimiminika cha kupozea injini) ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huganda kwenye −37 °C. Usidhani kwamba ukimimina kulanti tupu utakuwa salama zaidi. Glikoli tupu huganda karibu na −13 °C. Maji ndiyo yanayoshusha kiwango chake cha kuganda, kwa hiyo usivuke asilimia 70 ya glikoli. Rangi haikuambii kitu, iwe kijani au waridi. Pima kwa kile kipimo cha kunyonya tone, kinauzwa bei ndogo maduka ya spea. Tangi la maji ya kuoshea kioo nalo usilisahau: jaza maji maalumu ya −40, kisha nyunyiza hadi uone rangi yake ikitoka kwenye nozeli. Ukiishia kujaza tangi tu, maji ya zamani yanabaki ndani ya pampu na mipira, na hapo ndipo panapopasuka.

Betri iliyojaa haigandi hata kwenye −50 °C. Iliyoisha huganda karibu na −7 °C, inavimba, inapasuka, na asidi inamwagika juu ya vyuma. Gari likiwa limezimwa bado linakula umeme, kwa sababu ya alamu, kompyuta na kipokezi cha rimoti. Miliampea 50 ni kawaida kabisa. Hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, maana yake betri ya ampea-saa 60 imefika nusu ndani ya siku 25. Mtu anayekaa nyumbani siku 90 afanye hesabu mwenyewe.

Pana njia mbili. Kama gereji ina umeme, funga chaja ndogo ya kutunza betri, ya ampea 1 hivi, inayojishusha yenyewe betri ikijaa. Chaja ya kawaida ya zamani haifai, itaichemsha. Kama betri ni ya AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo), chaja iwe na mpangilio wa AGM. Kama hakuna umeme, chaji betri hadi ijae. Ikishapumzika usiku mzima isome volti 12.6 au zaidi. Halafu chukua spana namba 10, fungua terminali ya hasi kwanza, na uifunike isiguse chuma. Kwenye hibridi kama matoleo mengi ya Prius, ambayo betri ya volti 12 iko nyuma, kumbuka mlango wa nyuma hufunguliwa kwa umeme. Kabla ya kukata betri, soma kitabu cha gari ujue utaufungua vipi mlango ukiwa umeme haupo.

Ushauri ninaoupinga kila mwaka ni huu wa kumwachia jirani ufunguo aliwashe gari dakika 10 kila Jumamosi. Injini ikichoma petroli inazalisha maji. Ikipata moto wa kutosha, maji hutoka kama mvuke. Dakika 10 kwenye baridi kali hazitoshi, kwa hiyo yanabaki kwenye bomba la moshi na kuchanganyika na oili. Betri nayo inatumika zaidi wakati wa kuwasha kuliko inavyorudishiwa. Kama jirani yuko tayari kuliendesha nusu saa kwenye barabara kubwa, sawa. Kama si hivyo, asiliguse. Na kuwasha gari ndani ya gereji iliyoungana na nyumba ni hatari ya roho za watu: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu.

Oili ibadilishwe kabla ya kulaza gari, si baada. Ile iliyotumika ina asidi na unyevu, na ndiyo itakayokaa juu ya beringi miezi yote hiyo. Tangi lijae karibu pomoni, kwa kuwa petroli ya E10 ina ethanoli inayonyonya maji hewani, na tangi tupu ni hewa tupu. Dawa ya kuhifadhi petroli itiwe kwa kipimo cha chupa, kisha endesha dakika 15 ifike kwenye injekta. Kwa dizeli, hakikisha ni ya majira ya baridi. Ya kiangazi hutoa nta na kuziba filta.

Kama chumvi imeshamwagwa barabarani, osha chini ya gari vizuri, halafu endesha kidogo ukikanyaga breki mpaka diski zikauke. Paki kwenye gia ya kwanza au P, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, na breki ya mkono uiache wazi. Ukiivuta, pedi zinaganda au kushikana na diski kwa kutu. Breki ya mkono ya umeme mara nyingi hujikaza yenyewe injini ikizimwa, hivyo tafuta kwenye kitabu namna ya kuizuia. Upepo wa tairi uongezwe psi 8 hivi, usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Sioni haja ya stendi za jeki kwa miezi mitatu.

Panya. Toa kila punje ya chakula, hata makombo ya kiti cha mtoto. Ziba bomba la moshi kwa stilwulu ya kusugulia sufuria, njia ya hewa ya injini kwa wavu wa chuma, kisha bandika karatasi kwenye usukani kujikumbusha.

Usifunike kwa turubai la plastiki, linafungia unyevu. Usiache gari mtaani Minneapolis, dharura ya theluji ikitangazwa linaweza kuvutwa na jiji. Bima usiifute kabisa, uliza kampuni yako kuhusu bima ya gari lililohifadhiwa.

Ukirudi, fungua boneti kwanza utazame viota na nyaya zilizotafunwa. Toa stilwulu na wavu. Funga terminali ya chanya ikiwa ulikuwa umeilegeza, hasi iwe ya mwisho. Shusha upepo wa tairi urudi kiwango chake. Kilomita za kwanza breki zitakwaruza na tairi zitatikisika, endesha polepole. Kukwaruza kukiendelea baada ya kilomita 20 au 30, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, huenda kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) imekwama, na gari liende kwa fundi siku hiyo hiyo.