Manesi wanne kitanda kimoja: wanafanya nini pale?

Kwenye sanduku la maoni tulilofungua mwezi huu, kadi nyingi zina lalamiko moja kwa miandiko tofauti: asubuhi manesi wanajikusanya, wanatoka kitanda hiki wanahamia kile wakiongea wao kwa wao, na ukiwaita unaambiwa subiri kidogo. Mmoja ameandika kwa herufi kubwa: "MANESI WANNE KITANDA KIMOJA, BABA YANGU DRIPU IMEISHA." Uongozi umeniomba nitoe ufafanuzi kwa umma. Ninaandika kama afisa muuguzi wa kitengo cha ubora wa huduma, na ninayoeleza hapa hayachukui nafasi ya miongozo ya Wizara ya Afya wala maelekezo ya daktari anayemtibu mgonjwa wako.

Nianze na dripu, maana najua wengi mmeshaishia hapo. Dripu ya kuning'iniza ikiisha haisukumi hewa ndani ya mshipa ikaua mtu. Tumelisema hili miaka nenda miaka rudi. Maji yakishuka kwenye mrija yanafika mahali yanasimama, kwa sababu mshipa nao una presha yake. Pengine utaona damu kidogo inarudi nyuma. Tuite, ndiyo, maana kanula, kile kibomba kilichoingizwa mshipani, inaweza kuziba na mgonjwa akachomwa upya. Ila usiifunge, usiifungue, na tafadhali sana usiichomoe.

Sasa wale wanne. Wawili wanatoka zamu ya usiku, wawili wanaingia. Saa 1:30 asubuhi, kabla aliyekesha hajavua koti, anampitisha mwenzake kwa kila mgonjwa na kumkabidhi. Chukua mfano huu kutoka wodi ya wazazi. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike.

"Kitanda cha 9, amejifungua kwa upasuaji jana jioni, kifafa cha mimba. Yuko kwenye magnesiamu. Presha saa 6 usiku ilikuwa 160 kwa 110, sasa 140 kwa 95. Mkojo mililita 200 tangu saa 6. Dozi inayofuata saa 2."

Anayepokea hakuandika. Aliinama akautazama mfuko wa mkojo, akauliza: "Mia mbili kwa saa saba na nusu? Hiyo haifiki 30 kwa saa. Daktari anajua?" Hakuwa anajua. Muuguzi wa usiku alikuwa na wagonjwa wengi, kila namba aliipima na kuiandika sawasawa, lakini hakupata nafasi ya kuzikalia azigawe. Magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, hutoka mwilini kwa figo. Mkojo ukiwa mdogo dawa inabaki, inalimbikizana, na ikizidi inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Dozi ya saa 2 ikasitishwa, pumzi zikahesabiwa, goti likagongwa kuona kama linaruka, daktari akaitwa. Yote hayo yalizaliwa na swali moja lililoulizwa na watu waliosimama "wakipiga soga".

Ndiyo maana tunaomba ndugu wakae nje kwa muda huo. Najua unagongana na muda wa uji. Mama amekuja na chupa ya chai na bakuli kutoka mbali, askari amemruhusu kuingia, kisha sista anamwambia apishe. Inaudhi, na sisi wenyewe ratiba ile haituridhishi, inaangaliwa upya. Lakini muuguzi akikatizwa katikati ya kitanda cha 9 ili aonyeshe ndoo ya maji iko wapi, akirudi ataanzia kitanda cha 10. Hapo ndipo mililita 200 zinapopotea.

Lalamiko la pili: "Sindano moja, manesi wawili, na huku tunaambiwa watumishi hawatoshi." Kuna vitu havifanywi na mtu mmoja, hata kama wodi nzima inawaka moto. Kumwongezea mgonjwa damu ni kimojawapo. Wawili wanasimama kando ya kitanda, si kwenye meza, si koridoni. Mmoja anasoma jina, namba ya faili, kundi la damu, namba ya chupa na tarehe ya kuisha muda, mwenzake analinganisha na fomu na kumwuliza mgonjwa mwenyewe jina lake. Wote wawili wanasaini. Ndiyo maana unaulizwa "unaitwa nani?" na mtu aliyekuhudumia siku tatu. Hajakusahau. Baada ya hapo anapima joto, presha na mapigo, anarudia dakika 15 baada ya damu kuanza, na chupa lazima iwe imeisha ndani ya saa 4. Mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, nazo: kabati lenye kufuli, daftari, saini mbili, na hesabu ya ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, kila zamu inapobadilishana. Ampuli moja ikikosekana zamu haitoki mpaka ipatikane au iandikiwe taarifa. Nimewahi kubaki hadi saa 5 asubuhi kwa ampuli iliyokuwa imeviringika nyuma ya boksi la glavu.

Hili la kuangaliana silisemi kwa kusoma tu. Nikiwa na miaka miwili kazini, katika hospitali nyingine, saa 9 usiku, nilivunja ampuli nikidhani ni maji ya kuchanganyia dawa. Mwenzangu aliyekuwa akihesabu shuka alinishika mkono, hakunipigia kelele, akanigeuzia ile ampuli nisome. Ilikuwa kloridi ya potasiamu. Ikisukumwa moja kwa moja mshipani inasimamisha moyo. Ampuli zote mbili zilikuwa na umbo moja na zilikaa kwenye trei moja. Asubuhi tuliandika taarifa ya tukio, na potasiamu ikahamishwa ikafungiwa peke yake. Mgonjwa yule alikwenda nyumbani Ijumaa, hajui mpaka leo.

Na wanaodhani haya ni mambo ya kuiga Ulaya: orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika leo duniani kote, ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 kwenye hospitali nane, na mojawapo ilikuwa St. Francis ya Ifakara. Kwa hospitali zote nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kati ya vipengele vyake kuna kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake, na muuguzi kutamka kwa sauti kwamba vitambaa, sindano na vyuma vimehesabiwa vikatimia. Aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari bingwa haoni taabu kufungua mdomo tena na kusema, "Daktari, kitambaa kimoja hakionekani."

Nesi anayekuacha katikati ya maelezo akakimbia hakudharau. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mmoja anakanda mfuko wa uzazi, wa pili anaweka kanula, wa tatu anavuta oksitosini, dawa ya kukaza mfuko huo, wa nne anaandika saa. Anayekimbia ni mmoja wa hao. Atarudi.

Kuna kadi moja iliyonikalia vibaya. Inasema nesi alionekana chumba cha dawa "akilia na wenzake wakimbembeleza badala ya kufanya kazi". Mtoto alikuwa amefariki mikononi mwake nusu saa kabla. Wenzake walimgawana: huyu akachukua vitanda vyake, yule akampa maji. Alikaa dakika kumi, akanawa uso, akarudi kwa wagonjwa. Tungemlazimisha aendelee kuvuta dozi za watoto wengine huku mikono inatetemeka? Sina la kuomba radhi hapo.

Kwingine ninalo. Wapo manesi wanaopiga soga kweli na kusema ni makabidhiano, na wapo wanaokaa na simu na kusema "mimi si wa kitanda hicho". Jibu hilo halikubaliki wodini. Muuguzi asiyehusika na mgonjwa wako anatakiwa aseme "ngoja nimwite mwenzangu", kisha amwite kweli. Akikujibu vinginevyo, fuata utaratibu huu.

Kwanza, mweleze muuguzi kiongozi wa wodi siku hiyohiyo. Jina lake liko ubaoni mlangoni. Usiporidhika, nenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, kisha kwa Mganga Mfawidhi. Lalamiko la maandishi liwe na wodi, namba ya kitanda, tarehe, saa na kilichotokea. Jina la muuguzi ukilijua, kama hulijui zamu inatosha, tutamtafuta kwenye ratiba. Kilichozidi mipaka ya hospitali kinapelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo liko kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza linamsikiliza mlalamikaji na mlalamikiwa. Likimkuta na kosa linaweza kumwonya, kusimamisha leseni yake au kumfuta kwenye rejista. Aliyefutwa hawezi kufanya kazi ya uuguzi kwa mtu yeyote, iwe serikalini au binafsi. Huo ni uzito, kwa hiyo usiandike kwa hasira ya foleni.

Kumpiga mtumishi si njia ya kulalamika. Shambulio la kudhuru mwili, chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, lina kifungo cha hadi miaka 5, na hospitali hairudishi nyuma kesi hizo kwa sababu ndugu wamekuja kuomba yaishe. Kurekodi makabidhiano kwa simu nako kuna shida zake: kinachosomwa pale ni taarifa za afya za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa nyeti. Tumeshafuta video mbili mbele ya wahusika. Ya tatu tutaipeleka mbele.

Sanduku la maoni linafunguliwa kila Ijumaa na watu watatu, mmoja wao si mtumishi wa hospitali. Aliyeandika kuhusu dripu ya baba yake hakuweka wodi wala tarehe, tukalazimika kupekua chati za wodi ya wanaume mpaka tukaikuta. Mstari wa saa ya kuanza dripu ulikuwa mtupu. Hilo lilikuwa kosa letu, na muuguzi wa zamu ile ameshaelezwa.